Dawa Aliyoiomba Baba

Baba yangu alikuwa Mwislamu aliyelishwa na mbwa. Hivyo ndivyo majirani walivyomtania pale kambi ya polisi tulikoishi, naye alikuwa wa kwanza kucheka. Alikuwa askari wa mbwa wa polisi, Mnubi, mjukuu wa wale wanajeshi walioletwa na Waingereza kutoka Sudan wakasahaulika huku. Kila jioni kabla ya kuingia ndani alikwenda nyuma ya nyumba kwenye ndoo yake na kopo lake la udongo, akajiosha mara saba, moja kwa udongo, kama dini inavyotaka kwa mtu aliyeguswa na mate ya mbwa, na ile sare ya kazini akaitundika mbali na nguo zetu. Mama, ambaye ni Mwacholi na Mkatoliki na hajabadili dini hata siku moja, alisimama mlangoni na taulo akimwambia kwamba Mungu wake ana kazi kubwa ya kuhesabu maji.

Baba hakujua Kiacholi na Mama hakujua Kinubi, kwa hiyo sisi tulilelewa kwa Kiswahili cha kambini, lugha ya wanajeshi ambayo watu wengi wa Kampala bado wanaisikia kama mlio wa bunduki. Leo naifundisha katika shule moja ya sekondari Old Kampala. Kuna wazazi wanaoniuliza kama nina mpango wa kuwapeleka watoto wao jeshini. Nawajibu kwamba wakiendelea kuniuliza nitawapeleka wao.

Mbwa wa Baba alipozeeka, miguu ya nyuma ikaanza kumsaliti. Nilikuwa bado shule ya msingi. Siku moja Baba alirudi mchana, jambo ambalo halikuwa kawaida, akakaa kwenye kiti cha nje bila kujiosha. Alitueleza kwamba daktari wa mifugo wa kikosi, rafiki yake, amemchoma yule mbwa sindano ya kulala moja kwa moja, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemshika kichwa mapajani. Hakulia. Alisema, "Leo nimemfanyia rafiki yangu wema," kisha akainuka kwenda kuoga, na chakula cha siku ile hakukigusa.

Kuanzia hapo akawa mhubiri. Kila tulipokwenda kumwona mgonjwa asiye na matumaini, mtu aliyelala kwenye godoro sakafuni mwa wodi akihesabu mbavu zake, Baba alinyamaza kwa heshima mpaka tukafika barabarani. Hapo ndipo alipoanza. "Mbwa tunamhurumia, mtu tunamtazama tu." Nyumbani tuliiita hotuba ya mbwa. Mama aliisikiliza huku akifanya ishara ya msalaba, akisema roho si bunduki, huwezi kuirudisha ghalani kwa sababu zamu imekuchosha. Walibishana hivyo miaka na miaka, kwa ucheshi, kama watu wanaobishana kuhusu nchi ya mbali ambayo hakuna anayetarajia kwenda.

Kisha Baba akaugua. Alikuwa amestaafu zamani na walikuwa wamehamia Kasubi, kwenye nyumba ndogo ya vyumba viwili aliyoijenga polepole. Ilianza kwa posho, ule ugali wetu, kukataa kushuka. Akahamia kwenye matoke. Matoke nayo yakakataa, akahamia kwenye uji, na siku chai ilipomrudia puani tukampeleka hospitali. Ilikuwa saratani ya umio, ile njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, na ilikuwa imechelewa kugunduliwa. Daktari kijana alieleza kwa upole kwamba hawawezi kuiondoa, lakini wanaweza kumtoboa tumboni wakaweka mpira, tukawa tunamlisha kwa huo. Nilisema ndiyo kabla hajamaliza kueleza. Baba alikuwa amelala palepale kati yetu akitazama dari. Alisema anataka kwanza kwenda nyumbani kufikiri.

Kwangu mimi kufikiri kulikuwa na maana moja, kwamba nitamshawishi. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na hasira zangu hupenda kufanya kazi. Nilitafuta pesa, nikapanga gari, nikamtafuta muuguzi wa wale wanaotembelea wagonjwa wa saratani majumbani. Tulimwita Sista. Alileta mofini ya maji ndani ya chupa ya plastiki, dawa ya maumivu ya rangi ya kijani ambayo Mama alimnywesha kwa kikombe kidogo, tone kwa tone, na ilimpa Baba nafuu ya kweli. Aliweza tena kukaa mlangoni asubuhi na kuwasema vibaya madereva wa bodaboda waliopita mbio.

Asubuhi moja nilipita kumwona kabla ya kwenda shule. Sauti yake ilikuwa imebaki nusu.

"Niitie Dokta," akasema.

"Yupi, Baba?"

"Wangu. Ile ya mbwa."

Nilielewa hapohapo. Nikamwambia, "Baba, wewe si mbwa."

"Najua. Mbwa alipata bahati."

Mama alikuwa nyuma yangu na kikombe cha dawa. Alikiweka mezani taratibu ili kisimwagike, akasema, "Hiyo mtu hataingia kwa nyumba yangu. Mzee, umesikia? Kama anaingia, mimi natoka." Baba alifumba macho. Sijawahi kuona watu wawili wanaopendana wakiwa mbali vile ndani ya chumba kidogo.

Nilikwenda shule nikafundisha vibaya. Wakati wa mapumziko niliuliza katika chumba cha walimu, kama jambo la gazetini tu, wenzangu wanaonaje nchi zile ambazo mgonjwa anaweza kumwomba daktari ammalize. Mwalimu wa historia alisema hayo ni mambo ya Wazungu, watu waliochoka na wazee wao, na sisi tunashukuru kwamba huku sheria inakataza. Wote wakaitikia. Nilikuwa nakubaliana naye mpaka aliposema "sisi", na hapo nikawaka. Nilimwuliza kama hajawahi kuona familia imekaa kwenye veranda ya hospitali, ikinong'ona, mpaka mkubwa mmoja aseme, "Turudi nyumbani tu." Kila mtu hujua maana yake. Hakuna anayemwuliza mgonjwa. Mtu hupakiwa kwenye gari na mto wake, akazimika baada ya wiki bila dawa, nasi tunasema ni mapenzi ya Mungu. Mwalimu wa historia alisema nimechoka, nipumzike.

Lakini nilikuwa nabishana na nafsi yangu pia. Nikisema basi na iruhusiwe, nilikuwa nawaona watu ninaowajua. Nilimwona bibi kizee mwenye kiwanja kizuri Kasubi, na wajukuu wake wakimwambia kila jioni kwa sauti tamu kwamba umechoka, bibi, umechoka sana. Huyo angekuwa wa kwanza kuomba sindano, na angeiomba kwa adabu, ili asiwasumbue. Sikuwa na jibu la kumtosha bibi huyo na Baba kwa pamoja. Mpaka leo sina.

Kuna methali ninayowafundisha wanafunzi, kwamba mgonjwa haulizwi uji, maana ukimwuliza kama ataka atakataa, na asipokula atakufa, basi wewe mletee tu. Nilikuwa nimeipenda siku zote. Nilimrudia Baba na habari za mpira wa tumboni kila siku, kwa vielelezo, kama ninayemwandaa kwa mtihani. Yeye alinijibu kwa methali yake, kwamba adhabu ya kaburi aijuaye ni maiti. Kila mmoja akabaki na methali yake.

Sikumwita yule daktari wa mifugo. Baba alimpigia mwenyewe. Alichagua saa kama askari anayejua zamu za adui: Jumapili asubuhi, Mama akiwa misani. Mimi nilikuwa nimebaki kumwangalia, na nilipofungua mlango nilimkuta mzee wa Kiganda, mwembamba, amevaa koti kubwa kuliko yeye, ameshika trei ya mayai mkono mmoja na mkoba mweusi mkono mwingine. Alikuwa amemletea mayai mtu asiyeweza kumeza mate yake. Niliyapokea, nikasema asante, na macho yangu hayakutoka kwenye ule mkoba.

"Afande," akasema akiinama kitandani. Alikuwa na ile tabia ya Waganda ya kubadilishana l na r ambayo masikio yangu ya ualimu hayajaizoea hadi leo. "Mimi nimefika, lafiki yangu."

"Dokta. Umekuja na vitu?"

Mzee alifungua mkoba. Nilikuwa tayari kuunyakua. Ndani kulikuwa na kilo ya sukari na kipande cha sabuni, vitu ambavyo kila mtu hubeba akienda kumwona mgonjwa. Aliviweka mezani kimoja kimoja.

Baba alivitazama. "Dokta, ile mbwa yangu ulifanyia huruma. Mimi nimekukosea nini?"

Mzee alikaa kwenye ukingo wa kitanda bila kukaribishwa. Alipangusa magoti yake kwa viganja, na nilidhani anatafuta namna ya kukataa. Kumbe alikuwa anatafuta namna ya kusema jambo jingine.

"Afande, ire haikuwa huluma," akasema. "Ire mbwa ilikuwa inakula vizuri. Miguu ilikuwa mbaya, ndiyo, lakini ingekaa mwaka, labda miaka mbiri. Wakubwa walisema mbwa zimezidi, nyama haitoshi, zire za zamani zitoke. Mimi nikapewa amri. Nikaona wewe unaipenda sana. Nikakuambia inaumia."

Nje mtoto wa jirani alikuwa anaburuta ndoo ya maji.

"Ulinidanganya," Baba akasema.

"Nilikudanganya, ssebo, bwana wangu. Nisamehe."

Baba aligeuza uso ukutani. Mabega yake yalitikisika, na kwa kuwa alikuwa amekonda sana kitanda kizima kilitikisika naye. Sikujua kama analia au anakohoa, nikamshika mgongo. Nilimchukia yule mzee. Nilifikiri, mtu anakaribia kufa, na wewe unakuja kumnyang'anya tendo jema pekee alilojivunia maisha yake yote! Lakini Baba alipogeuka alikuwa na macho makavu na ule uso wake wa gwaride.

"Sawa," akasema. "Mbwa haikuomba. Nyinyi ndio mliamua. Lakini mimi siyo mbwa, Dokta. Mimi naomba mwenyewe. Kwa mdomo yangu."

Hiyo ndiyo hoja. Nimesikia watu wenye elimu wakiizungukia redioni saa nzima bila kuifikia, na Baba aliifikia kwa nusu ya sauti.

Mzee alitikisa kichwa. "Ndiyo maana siwezi. Mbwa nilichoma kwa amri, mkono haikujua kitu. Wewe unataka nikuchome kwa ulafiki. Kwa ulafiki mkono inakataa. Na jela pia naogopa, sikufichi."

Walikaa hivyo muda mrefu wameshikana mikono, wazee wawili wa serikali, wakizungumza habari za watu waliokwisha kufa. Mzee alipoondoka aliniambia mlangoni nimpigie wakati wowote. Sikumwuliza kwa jambo gani.

Mama aliporudi kutoka kanisani aliona mayai kabla ya kuniona mimi.

"Nani alikuja?"

Nikamwambia.

"Amemfanyia?"

"Hapana, Mama. Amekataa."

Alikaa kwenye ngazi ya mlango na nguo zake za Jumapili, akalia. Nilimletea maji, nikamwambia Mungu mkubwa, tumeepuka. Akazidi kulia.

Siku iliyofuata niliacha kumhubiria Baba. Nilivuta kiti nikakaa, nikamwuliza swali ambalo ningepaswa kumwuliza pale hospitali: wewe unataka nini? Mpira hakuutaka. Alisema kula ni mdomoni, kwingine ni kujaza gunia. Nikasema sawa, hatutautia, na neno hilo liliniuma kulitoa kama kung'oa jino. Nikamwuliza kama kuna kingine. Alitazama mkeka uliokuwa sakafuni upande wa pili wa chumba, ambako Mama alikuwa amehamia tangu ugonjwa uanze ili asimwumize akijigeuza.

"Mama yako arudi kitandani," akasema. "Nimechoka kulala na manesi."

Nilipompa Mama ujumbe huo alicheka kicheko ambacho sikujua kama bado anacho, akasema mzee huyu ni mkaidi mpaka mwisho. Akaukunja mkeka. Wiki zilizofuata zilikuwa nzuri, nasema bila aibu, nzuri kweli. Niliwakuta asubuhi wamekaa kitandani wameegemea ukuta, Mama akilowesha kitambaa kwa chai ya tangawizi na kumgusa nacho mdomoni ili aonje, naye akilalamika kwamba sukari imepungua. Kuhusu sindano Baba hakufuta neno lake. Aliniambia wazi kwamba Dokta angekubali hata leo, yeye angenyoosha mkono.

Kisha dawa ya kijani ikashindwa. Maumivu yalikuja kwa ghafla asubuhi moja na hayakuondoka. Baba hakuweza tena kusema. Alitoa sauti ambayo siwezi kuiandika na sitaki kuiandika, na macho yake yalituzunguka mmoja baada ya mwingine. Mama alikuwa nyuma yake amemkumbatia kifuani. Aliniangalia juu ya kichwa chake.

"Mpigie yule wa mbwa," akasema.

Nilidhani sikusikia. Akarudia, kwa sauti ya chini, bila kuyumba. Mwanamke aliyefunga kila Kwaresima, aliyeapa kwamba mtu huyo hatakanyaga nyumbani kwake!

Nilitoka nje na simu. Namba ya yule mzee nilikuwa nayo. Nilisimama karibu na kamba ya nguo nikafikiri mambo mengi ambayo sikutegemea mtu anaweza kuyafikiri kwa wakati mmoja. Sasa Baba hawezi kuomba, nikajiambia, lakini aliomba alipoweza. Nikajiambia pia, na ile sauti ya Baba kutoka ndani, ni wewe usiyeweza kuivumilia au ni yeye? Mwishowe nilimpigia Sista. Napenda kusema ilikuwa dhamiri. Ilikuwa hofu zaidi, na pia kwamba namba yake ilikuwa juu, nilikuwa nimeipiga jana yake. Aliniambia nikimbie kwake kituoni, atanipa dawa kali zaidi.

Nilimwambia Mama naenda kuleta dawa, nikapanda boda. Sokoni Kalerwe magari yalikuwa yamefungana, wanawake wakipanga nyanya zao mafungu mafungu kando ya barabara na kuita wateja kwa majina ya mapenzi, nami niliwachukia hata wale na nyanya zao kwa kuwa na siku ya kawaida. Sista alinipa chupa kama ile ya kwanza, lakini maji yake yalikuwa ya waridi. Alieleza kwamba ni mofini ileile, yenye nguvu zaidi, na rangi hutofautishwa ili watu wasichanganye vipimo. Nikamwuliza bila kuzunguka kama itamuua.

"Ugonjwa ndio unamuua," akasema. "Hii inamtoa maumivu tu. Akilala, ujue ni mtu ambaye siku nyingi hajalala."

Niliporudi nilikuta Mama amemwosha Baba peke yake, amemvika kanzu nyeupe na kumchana ndevu. Kitanda alikuwa amekigeuza kuelekea kibla. Aliniomba nifunge mlango wa mbele, majirani wasiingie. Nilifikiri ameona dalili ambazo mimi sizioni, maana wanawake wa umri wake huziona. Alipokea chupa, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha na kuitazama ile rangi.

"Atalala?"

"Atalala, Mama."

"Nipe mimi. Mimi ndio mke yake."

Nilimwonyesha kipimo. Mkono wake ulikuwa mtulivu kuliko wangu. Alimdondoshea ndani ya shavu kidogo kidogo, kisha akaweka mdomo kwenye sikio la Baba na kumnong'oneza. Sikusikia alichosema, na niliona adabu kutosikia. Baada ya muda ile sauti ilikoma. Baba alilala, uso ukalegea, akaonekana kama mtu niliyemjua. Alifariki siku ya pili alasiri, kimya, akiwa amelala vilevile, Mama kitandani pembeni yake. Tulimzika Bombo, kwa Wanubi wenzake.

Watoto hufuata dini ya baba, kwa hiyo mimi ni Mwislamu, lakini baada ya msiba nilianza kumsindikiza Mama kanisani kila Jumapili kwa sababu miguu yake haikuwa ya kuaminika. Nilikaa benchi la nyuma na mtandio wangu. Hivyo ndivyo nilivyogundua kwamba haendi kupokea komunyo. Safu yake yote iliinuka, watu wakampita magotini, yeye akabaki amekaa na rozari mkononi. Jumapili ya kwanza nilidhani ni magoti. Pasaka ilipofika, na hata mlevi wa mtaani kwetu akapanga foleni, nikajua si magoti.

Nilimwuliza siku moja tukichambua maharage nyuma ya nyumba. Hakuinua macho.

"Mtu ameua, atapokea namna gani?"

"Umemwua nani, Mama?"

"Unaniuliza? Si wewe ulileta ile dawa ya daktari wa mbwa? Mimi nikampa."

Ungo ulinitoka mkononi. Miezi yote hiyo! Nilimwuliza kwa nini hakwenda kuungama kwa padri, angemsikiliza, ana huruma yule.

"Kuungama lazima ujute," akasema. "Mimi sijuti. Nitamdanganya Mungu?"

Nilifurahi. Lazima niseme hivyo, nilifurahi kama mtu aliyekuja na hela za kumtoa mtu jela. Nilimshika mikono nikamweleza yote kwa haraka, kwamba chupa ile ilikuwa ya Sista, kwamba ni dawa ileile ya kijani iliyoongezwa nguvu, kwamba haikumwua Baba, ilimtuliza tu, kwamba yule mzee sikumpigia kabisa. Nikamwambia, "Mama, hujaua mtu. Hujafanya kitu." Nikasubiri aanze kulia kwa furaha.

Mama alitoa mikono yake taratibu kutoka kwangu.

"Hukumpigia."

"Sikumpigia."

"Na mimi nilikuambia."

"Uliniambia, Mama. Niliogopa."

Alichukua harage moja bovu akalitupa, akachukua jingine zima akalitupa pia.

"Nilimwambia kwa sikio," akasema. "Nilisema, Mzee, ile kitu uliomba imekuja, mimi nimekuletea. Akanifinya mkono. Hivi." Alinifinya kidole ili nijue nguvu ilikuwa kiasi gani. "Alikuwa anasema asante. Na mimi sikuwa nimemletea. Nilimdanganya."

Nilisema maumivu yaliisha, alilala, alipata alichotaka. Nilisema maneno mengi. Mama alinisikiliza mpaka nikaishiwa, kisha akaokota ungo wangu, akaupangusa vumbi na kunirudishia.

Jumapili iliyofuata nilidhani angeinuka. Kwa hesabu yangu alikuwa huru. Safu yake ilisimama, watu wakampita magotini, naye akabaki amekaa palepale na rozari yake. Nilitoka benchi la nyuma nikapita katikati ya foleni ya watu wanaokwenda mbele, nikaenda kukaa naye.